Deni Lake, Simu Yangu

Ujumbe uliingia saa nne na dakika kumi asubuhi, nikiwa nimekwama kwenye foleni ya Mwenge. Namba ilikuwa ngeni. "Ndugu, mwambie huyu mtu aache utapeli. Amekopa na kukimbia. Wewe amekuweka kama mtu wake wa karibu. Asipolipa leo kabla ya saa sita mchana, picha yake itasambazwa kwa watu wote." Chini yake kulikuwa na majina yake matatu, namba yake ya simu na kiasi anachodaiwa, shilingi 87,500, mpaka na ile mia tano ya mwisho.

Ilinichukua muda kumjua huyo "mtu wangu wa karibu". Nilipoiandika ile namba kwenye simu yangu ndipo jina likajitokeza: Fundi Friji. Aliwahi kuja nyumbani mara mbili, miaka miwili iliyopita, friji ilipoacha kugandisha. Alijaza gesi, akanywa chai, akalipwa, akaondoka. Sijawahi kumdhamini kwa lolote. Jina lake la ukoo ndiyo kwanza nilikuwa nalisoma pale kwenye ujumbe.

Nikampigia. Alipokea bila salamu.

"Kaka, hata wewe?"

Akaanza kuhesabu waliokwisha kumpigia tangu alfajiri. Mama mkwe wake aliyeko Kilosa. Mwalimu wa darasa wa mwanawe. Dalali aliyempangishia chumba. Mwenye bucha. Na mteja aliyekuwa amempa kazi ya kufunga viyoyozi vinne, kazi ambayo ingelipa lile deni na kubakiza. Huyo alipiga kusema asije tena. Fundi alikuwa ameomba mkopo wa shilingi elfu hamsini kwenye simu, akaingiziwa elfu thelathini na nane kwa sababu "gharama za huduma" zilikatwa mbeleni, arejeshe ndani ya siku saba. Siku ya nane riba ilianza kutembea, na siku ya kumi na mbili ikaja hii fedheha.

Nikamuuliza kwa nini alitoa namba yangu. Akajibu, na sauti yake haikuwa ya mtu anayejitetea: "Sikuitoa, kaka. Nilibonyeza Ruhusu."

Tangu siku ile neno hilo limenikaa kichwani. Aplikesheni nyingi za mikopo ya mtandaoni, na nyingine zisizo za mikopo, huuliza kama zinaruhusiwa kusoma orodha ya majina yaliyomo kwenye simu yako. Mtu mwenye shida ya elfu hamsini hasomi, anabonyeza. Kampuni baadaye hujitetea kwamba mteja aliridhia. Tuseme kweli aliridhia. Je, aliridhia kwa niaba ya nani? Deni ni lake, uso ni wake, picha ya kitambulisho ni yake. Lakini namba ya mama mkwe ni ya mama mkwe. Namba yangu niliiacha kwake ili friji ikiharibika tena tusitafutane. Hakuna kitufe chochote duniani ambacho fundi anaweza kukibonyeza akaridhia kwa niaba yangu.

Waswahili tulikuwa na neno la jambo hili kabla ya simu, nalo ni amana. Jirani akisafiri akakuachia ufunguo ili umlishie kuku, hajakuruhusu kukaribisha wageni sebuleni kwake, hata kama mlango unafunguka na makochi ni mazuri. Ufunguo umepewa kwa ajili ya kuku. Nimesoma sheria za taarifa binafsi za nchi mbili hizi, Tanzania na Kenya, na kila nilipofikia swali la lini taasisi inaweza kumpa mtu wa tatu habari zako, nilikuta mwisho wa yote linaulizwa swali la kuku: ulipewa kwa kazi gani, na huyu unayempa anakusaidia kazi hiyohiyo au anafanya yake?

Sheria ya Tanzania ni ya juzi tu. Bunge liliipitisha Novemba 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ikazinduliwa rasmi na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 2024. Imeandikwa kwa Kiswahili tangu mwanzo, jambo lililokuwa nadra kwa sheria zetu, na maneno yake yanastahili kuzoeleka. Anayechukua taarifa zako na kuamua zitumikeje ni mkusanyaji. Anayezishughulikia kwa maagizo ya huyo mkusanyaji ni mchakataji. Wewe ni mhusika. Kenya walitangulia kwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, wakiitegemeza kwenye ibara ya 31 ya Katiba yao ya 2010, inayosema habari za familia na mambo ya faragha ya mtu zisidaiwe wala kufichuliwa pasipo ulazima. Katiba yetu nayo, katika ibara ya 16, inalinda faragha ya mtu, familia yake na mawasiliano yake.

Lakini kisa kinachofanana mno na cha fundi wangu hakikutokea Dar wala Nairobi. Kilitokea Uingereza zaidi ya miaka mia moja iliyopita, wakati simu ilikuwa ya kuzungusha mkono.

Bwana mmoja aitwaye Tournier alikuwa na akaunti katika benki ya National Provincial and Union Bank of England. Alitoa fedha kuzidi salio lake, akawa anadaiwa pauni tisa na ushei. Akakubaliana na benki awe analipa pauni moja kila wiki, na kwa kuwa alikuwa karibu kuanza kazi ya kuzungusha bidhaa za kampuni fulani, akawaachia jina na anwani ya mwajiri. Baada ya marejesho machache akanyamaza. Meneja wa tawi akapiga simu kwa mwajiri. Sababu aliyoitoa haikuwa mbaya, alitaka kujua Tournier anaishi wapi. Ila mazungumzo yakanoga. Meneja akaeleza kwamba kijana anadaiwa, kwamba barua anaandikiwa hajibu, na kwamba benki inamshuku ni mcheza kamari, kwa kuwa kuna hundi aliyoandikiwa na mteja mwingine wa benki hiyo, ambayo badala ya kuingia kwenye akaunti yake iliishia kwa mchezesha kamari. Leo tungesema anabeti. Mkataba wake wa miezi mitatu ulipokwisha, kampuni haikumwongezea.

Tournier akashtaki. Alishindwa kwanza mbele ya baraza la wazee wa mahakama, akakata rufaa. Hukumu ya Mahakama ya Rufaa, iliyochapishwa katika ripoti za sheria za mwaka 1924, ikarudisha kesi isikilizwe upya, na ikaacha kanuni ambayo wanafunzi wa sheria kutoka Accra hadi Dar es Salaam wanaikariri mpaka leo. Benki ina wajibu wa kutunza siri ya mteja, na wajibu huo unalegea katika hali nne tu: sheria inapolazimisha, wajibu kwa umma unapodai, masilahi ya benki yenyewe yanapohitaji, na mteja anaporidhia, kwa maneno au kwa matendo.

Hapo kwenye masilahi ya benki ndipo watu huteleza, tena wakiwa na nia safi. Benki ikikushtaki kwa deni, lazima itaje mahakamani kiasi unachodaiwa, vinginevyo itadai nini? Hayo ni masilahi halali. Kumpigia bosi wako na kumsimulia unakopeleka hundi zako ni kitu kingine. Majaji wale walitofautiana kidogo juu ya mpaka unapopita, lakini kwamba upo hawakubishana. Meneja alikuwa na haki ya kutafuta anwani, na angeweza kuipata bila kutaja deni hata kidogo.

Ndiyo maana sishangazwi sana na aplikesheni za mikopo. Teknolojia ni mpya, tabia ni ileile ya meneja wa tawi. Tofauti ni kwamba yeye alipiga simu moja, hizi zinatuma ujumbe mia mbili kwa dakika.

Huku kwetu hali ilipozidi, Benki Kuu ya Tanzania ilitoa mwongozo wa watoa mikopo wa kidijitali Agosti 2024, na Novemba mwaka huohuo ikatangaza orodha ya majukwaa na aplikesheni 69 zinazokopesha bila leseni. Mtaani zilikwishapewa jina la kausha damu, ambalo awali lilikuwa la wakopeshaji wa mkononi wanaoshika kadi za benki za walimu. Kenya walikuwa wameshachukua hatua hiyo kwa kanuni za Benki Kuu yao za Machi 2022, na Kamishna wao wa data, Immaculate Kassait, hakuishia kwenye maonyo. Septemba 2023 ofisi yake iliitoza kampuni ya Mulla Pride, mwendeshaji wa KeCredit na Faircash, faini ya shilingi za Kenya 2,975,000. Kosa lilikuwa kutumia majina na namba zilizopatikana kwa watu wengine kutuma vitisho na kupiga simu za madai. Siku hiyohiyo shule moja ikatozwa zaidi ya milioni 4.5 kwa kuweka picha za wanafunzi hadharani bila ridhaa ya wazazi, na baa moja zaidi ya milioni 1.8 kwa kumweka mteja wake mtandaoni akiwa anajistarehesha. Hiyo ya baa ndiyo iliyozungumzwa zaidi, kwa sababu zinazoeleweka.

Turudi kwenye mlango halali wa kutoa taarifa, maana si kila kutoa ni kosa, na mwandishi akiwatisha watu wa masjala wakafunga makabati yote hajasaidia mtu.

Sheria yetu inasema taarifa iliyokusanywa kwa lengo fulani isitumike wala isitolewe kwa lengo jingine. Kisha inafungua milango. Mhusika mwenyewe akiridhia. Sheria nyingine ikiagiza au ikiruhusu. Lengo jipya likiwa limeungana moja kwa moja na lile la kwanza. Taarifa zikitolewa kwa takwimu au utafiti bila mtu kutambulika. Na pale mkusanyaji anapoamini, kwa sababu za msingi, kwamba bila kuitoa taarifa hiyo maisha au afya ya mtu iko hatarini kweli, tena hatari ya sasa hivi.

Chukua huu wa sheria nyingine kuagiza. Ukiajiriwa leo na uliwahi kusoma kwa fedha za Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, mwajiri wako ana siku 28 za kuijulisha bodi kwamba ameajiri mhitimu. Hakuulizi. Baada ya hapo atakukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi na kuipeleka. Nimewahi kuona kijana akimfokea afisa rasilimali watu kwamba "umevujisha taarifa zangu". Hakuvujisha. Asingepeleka ndipo angekuwa na kosa. Vivyo hivyo benki zinavyopeleka habari za mikopo kwenye kanzidata inayotumiwa na kampuni za taarifa za wakopaji, ndiyo maana ukienda benki ya pili na deni la benki ya kwanza wanajua kabla hujakaa.

Kuna mlango mmoja wa ajabu zaidi. Benki ikishuku kwamba fedha inayopita kwako ni haramu, inatakiwa kuripoti kwenye kitengo cha serikali kinachofuatilia fedha hizo, na ni marufuku kukudokeza. Taarifa yako imetoka, imetoka kihalali, na mtu wa mwisho anayestahili kujua ni wewe. Huwa nikiwaeleza watu jambo hili wananitazama kama nimelitunga.

Hospitali ndiko kunakohitaji moyo. Majeruhi akifika na jeraha la panga, daktari atajaza PF3, ile fomu ya polisi, na ikirudi kituoni inabeba habari za mwili wa mtu. Ni halali. Lakini jicho la sheria haliangalii tu kama umetoa, linaangalia umetoa kiasi gani. Polisi wanauliza jeraha liko wapi, lina kina gani, limesababishwa na kitu cha namna gani. Hawakuuliza kama majeruhi anameza dawa za kupunguza makali ya virusi. Muuguzi aliyeviambatanisha vyote, kwa kuwa vilikuwa kwenye jalada moja na mashine ya kutoa kopi iko mbali, ametoa alichoombwa na asichoombwa, na hicho cha pili hakina mlango wa kupitia.

Kuhusu Ukimwi sheria yetu ya mwaka 2008 ilikuwa imebana hata kabla ya hii mpya. Majibu ni siri ya aliyepima, na wanaoweza kupewa wengine wametajwa: mzazi au mlezi wa mtoto, mwenzi, mahakama. Kenya walilipima jambo hilo kwa ukubwa wa taifa. Februari 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliagiza zikusanywe takwimu za watoto wa shule wanaoishi na virusi vya Ukimwi, pamoja na walezi wao na kina mama wajawazito na wanaonyonyesha. Nia iliyoelezwa ilikuwa njema, kuwafikishia huduma. Ila fomu iliyotumika iliunganisha jina la mtoto na hali yake, ipite mikononi mwa maofisa wa kaunti na wa elimu. Watetezi wa haki wakaenda mahakamani. Desemba 2016 Jaji Isaac Lenaola aliamua kwamba agizo lile lilivunja haki ya faragha na kuacha nyuma masilahi ya mtoto, akatoa siku 45 majina yote yaliyokwisha kukusanywa yageuzwe kuwa alama za siri, yasiweze kuunganishwa na hali ya mtu hadharani. Hakuizuia serikali kuhesabu wagonjwa, alichozuia ni kuhesabu kwa majina.

Na dola inapogonga mlango yenyewe?

Hapa sheria yetu inanipa shaka. Orodha ya misamaha ni ndefu: usalama wa taifa, masilahi ya umma, kuzuia na kugundua uhalifu, wakwepa kodi, ubadhirifu wa mali ya umma, hata upekuzi wa mtu anayetaka kuteuliwa kwenye utumishi wa umma. Kila kimoja, ukikitazama peke yake, kina maana. Vikikaa pamoja vinakuwa geti lililo wazi mchana kutwa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inampa mkuu wa kituo cha polisi uwezo wa kumwamuru yeyote mwenye data atoe kwa ajili ya upelelezi, na amri hiyo haihitaji kwanza kupita kwa hakimu. Desemba 2016 Maxence Melo, mwanzilishi mwenza wa JamiiForums, alikamatwa na kufikishwa Mahakama ya Kisutu kwa sababu ya kukataa kuwapa polisi utambulisho wa watu walioandika kwenye jukwaa lake. Kesi zikavutana kwa miaka. Aprili 2020 alitiwa hatiani katika mojawapo, faini ya shilingi milioni 3 au kifungo cha mwaka mmoja.

Unaweza kuwa na maoni yoyote kuhusu jukwaa lile. Mimi nilichokiona pale ni mkusanyaji aliyeuliza swali ambalo wakusanyaji wengi hawalithubutu: mnataka jina la nani hasa, kwa kosa gani? Kampuni nyingi, zikiona barua yenye nembo, zinatoa kwanza na kusoma baadaye. Kuna mhasibu wa kampuni moja aliniambia kwamba hata barua hawahitaji, "akija mtu na redio kol mkononi tunafungua kompyuta". Msamaha wa kisheria haumaanishi hivyo. Unamaanisha mwombaji ana sheria anayoisimamia, ana kosa analolichunguza, na anaomba kinachohusu kosa hilo. Mei 2024 Mahakama Kuu, katika shauri la wakili Tito Magoti dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali, iliona baadhi ya vifungu vya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi vimeachwa bila mipaka inayoeleweka, ikatoa mwaka mmoja virekebishwe. Havikuwa vifungu hivi vya misamaha, lakini hoja ni ndugu: mlango usio na kizingiti si mlango.

Wapo wanaopokea taarifa zako wasio watu wa tatu kabisa. Kampuni inayotuma ujumbe mfupi wa salio kwa niaba ya benki yako, au inayotengenezea kiwanda hati za mishahara, ni mchakataji. Inafanya kazi ya bosi wake, kwa mkataba, na haitakiwi kugeuka kuziuza namba hizo kwa mtu wa bima. Siku inapozitumia kwa mambo yake, imevaa kofia nyingine. Na mkusanyaji anayezihifadhi kwenye seva za ng'ambo ana utaratibu wake wa kufuata kwenye Tume. Sitalikalia hilo hapa.

Ninachotaka kukisema kwa kirefu ni karanga.

Mwaka jana Posta, karibu na kituo cha mabasi, nilinunua karanga za mia tano. Muuzaji alizifunga kwenye karatasi kama wanavyofanya wote, ule mkunjo wa pembetatu. Nilipomaliza nikaikunjua karatasi kutafuta zilizobaki kwenye kona. Ilikuwa ukurasa wa pili wa fomu ya maombi ya ajira ya taasisi moja ambayo sitaitaja. Jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya kitambulisho cha taifa, yaani ya NIDA, wadhamini wawili na simu zao, na kisanduku cha "mshahara unaotarajia", ambao ulikuwa wa unyenyekevu mkubwa. Mwombaji alikuwa msichana wa miaka 24. Nilirudi kwa muuzaji nikamwuliza karatasi hizi anazipata wapi. Akaonyesha boksi chini ya meza, limejaa. Ananunua kwa kilo.

Hakuna afisa wa taasisi ile aliyekaa akaamua kumpa muuza karanga namba ya NIDA ya yule binti. Ndiyo maana kisa hiki kinanisumbua kuliko cha fundi. Aplikesheni ya mikopo ilijua inachofanya. Huku mtu alisafisha stoo tu. Lakini kwa yule binti kuna tofauti gani? Sheria haitofautishi sana pia: mkusanyaji ana wajibu wa kuzilinda taarifa mpaka zinapoteketezwa, na stoo ikisafishwa wajibu huo hausafishwi pamoja nayo. Nilikwenda na ile karatasi mfukoni, nikaichana vipande nyumbani. Boksi lilibaki pale chini ya meza.

Kwa anayetoa taarifa kinyume cha lengo lililozikusanya, bila sababu halali, sheria yetu imeweka kosa la jinai. Mtu binafsi, faini ya kuanzia laki moja hadi milioni 20, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote. Kampuni, kuanzia milioni moja hadi bilioni 5. Ni namba nzito. Uzito wake utajulikana zitakapoanza kusomwa kwa sauti mahakamani, na mimi ningependa ya kwanza isomwe kwa mtu mwenye aplikesheni ya mikopo, si kwa muuguzi wa zamu ya usiku.

Kabla ya kukuchukulia taarifa, mkusanyaji anatakiwa kukuambia anazitaka za nini na nani mwingine atazipata. Niliamua kulijaribu hilo mahali rahisi, kwenye geti la jengo moja la ofisi mjini, mbele ya lile daftari la wageni. Jina, unakotoka, namba ya simu, unamwona nani, saa ya kuingia, saini. Juu ya mstari wangu niliweza kusoma kila aliyeingia tangu asubuhi, na mmoja wao alikuwa anakwenda kwa wakili wa talaka ghorofa ya tatu. Nikamwuliza mlinzi, kijana mpole, namba hizi zinakwenda wapi.

"Haziendi popote, mzee. Daftari likijaa tunafungua jingine."

"Na lililojaa?"

Akacheka. "We andika tu. Wengine wanaandika za uongo."

Fundi alilipa deni lake lote, pamoja na riba, kwa kuuza mtungi wa gesi aliokuwa akiutegemea. Nilimshauri apeleke malalamiko kwenye Tume. Akasema atafikiria, kwa namna ambayo watu husema wakiwa wameshamaliza kufikiria. Kazi ya viyoyozi vinne haikurudi.

Mwezi uliopita friji yangu ilianza tena kelele zake. Alikuja na begi lilelile, akajaza gesi, akanywa chai. Wakati wa kuondoka akatoa kwenye begi daftari dogo la mistari, lenye jalada la plastiki, akalifungua katikati. Kwenye simu hahifadhi tena namba ya mteja, alisema, simu imebaki ya ndugu tu. Akachukua kalamu nyuma ya sikio.

"Kaka, nikuandike jina lako," akauliza, "au niandike tu Friji Tabata?"